Kanga na Mmea wa Mlangoni

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa nini?

Nyumba na mlango wake.

Na hapo mlangoni?

Chungu chenye jani bichi.

Na ndani?

Mama na wanawe.

Basi sogeeni, tusikie habari zao.

Siku ile ya baraza walikuwapo hawa. Alikuwapo Kongoni, mjumbe wa kijiji. Alikuwapo Nguchiro, ambaye kazi yake ilikuwa kutazama mimea ya watu na kusema bahati zao. Alikuwapo Bi Nungunungu pamoja na mumewe. Alikuwapo Pimbi na watoto wake wote, hata yule mgonjwa wa kifua. Na alikuwapo Kanga mwenyewe, amesimama mlangoni pake, maana baraza lilifanywa kwake. Alikuwa amekataa kutoka kuliendea kwingine.

Mayai ya Kanga yalikuwa ndani. Kila aliyekuja alikuja kwa sababu ya mayai yale, ingawa wengi wao walidhani wamekuja kwa sababu ya mmea. Sasa turudi mwanzo, mjue ilikuwaje.

Hapo zamani za kale wanyama waliishi pamoja katika kijiji kimoja, chini ya kilima cha mawe. Walikuwa na nyumba, na mafiga, na vyungu vya kupikia, na asubuhi walisalimiana kama tunavyosalimiana sisi. Na kila nyumba ilikuwa na mmea kwenye chungu, hapo karibu na mlango.

Mmea ule haukuwa pambo. Wanyama walisema mmea wa mlangoni ndiyo bahati ya nyumba. Ukichipua, nyumba ina baraka. Ukinyauka, nyumba ina nuksi.

Tena ulikuwa na miiko yake. Uumwagilie asubuhi kabla hujamsalimu mtu. Mahali pake ni mlangoni, si ndani ya nyumba. Usiuhamishe pale ulipouweka mara ya kwanza, maana utaihamisha bahati yako. Usiuguse mmea wa mwenzako hata kwa ncha ya kidole, maana utamwibia ya kwake. Na ukikauka, uuchukue na chungu chake, uvuke kijito, uutupe ng'ambo na urudi bila kugeuka nyuma. Udongo wake usiuchakure kamwe.

Mwiko mkubwa kuliko yote ulikuwa wa moto. Siku hizo hakukuwa na kiberiti. Moto wako ukizimika, unachukua kigae, unakwenda kwa jirani, unapiga hodi, unapewa makaa mawili matatu, unarudi unakimbia huku unapuliza. Lakini nyumba ambayo mmea wake umekauka haikupewa moto. Ungepiga hodi, wangekujibu kutoka ndani kwa upole kabisa, "Jirani, moto wetu umelala." Ungeona moshi unatoka paani, lakini ungejibiwa hivyo hivyo.

Na mmea ukikauka mara ya tatu, wenye nyumba wanahama. Wanavuka kijito, wanakwenda kukaa peke yao porini.

Basi katika kijiji hicho alikuwapo Kanga. Mumewe alikuwa amechukuliwa na mwewe mwanzo wa kiangazi. Alimwachia nyumba ndogo, chungu cha mrehani mlangoni, na mayai kwenye kiota.

Kanga aliyalalia mayai yake mchana na usiku. Alipohitaji kutoka kwenda kutafuta mbegu na maji, aliweka kigae cha makaa karibu na kiota, joto likakaa mpaka arudi. Bila makaa asingeweza kutoka. Akitoka, mayai yangepoa. Yakipoa, basi. Ndiyo maana alipenda moto wake kuliko kitu chochote cha nyumbani, na kila alipokiweka kigae mahali pake aliyaimbia mayai:

*Laleni na joto, wanangu, laleni na joto.*
*Mama hayuko mbali, mama hahami.*

Mkisikia naimba, itikieni: mama hahami.

Siku moja Nguchiro alipita mlangoni kwa Kanga. Nguchiro peke yake ndiye aliyeruhusiwa kugusa mimea ya watu, kwa kuwa alikuwa mtazamaji. Alitembea na vibuyu viwili kiunoni, kimoja kulia na kimoja kushoto, na kila mlango alioufikia alimimina kidogo kwenye chungu. Aliyaita maji ya kuamsha bahati. Watu walimshukuru, wakampa chakula.

Alimimina kwa Kanga, kisha akachungulia ndani. Akayaona mayai.

Alisimama pale muda mrefu kidogo, kisha akamwambia Kanga kwamba mayai yake ni mazuri. Kanga alifurahi. Mama gani hafurahi akiambiwa hivyo?

Tangu siku ile, Nguchiro alipita kila asubuhi, na kila asubuhi akammiminia. Kanga aliona ni wema, akamwambia ahsante fundi.

Haikuchukua muda, mrehani ukaanza kuwa wa njano. Kisha majani yakajikunja, yakadondoka, ukabaki mti mkavu.

Bi Nungunungu ndiye aliyeuona wa kwanza, maana yeye alikuwa na macho ya kuona milango ya watu. Alisimama njiani akasema kwa sauti kwamba yeye hasemi neno, ila kama ni mmea wake angejua la kufanya. Kijiji chote kikasikia.

Nguchiro akaja. Akauzunguka mmea, akatikisa kichwa. Akamwambia Kanga kwamba nuksi ya nyumba ile imekaa kwenye mayai. Atoe yai moja, aliweke kwenye kichuguu kilichoko nyuma ya mawe, ardhi ilichukue. Nuksi itaondoka nalo.

Kanga aliuliza kama hakuna kitu kingine anachoweza kutoa. Alisema ana mtama kidogo. Nguchiro akamjibu kwa upole kwamba nuksi haili mtama.

Wanangu, Kanga alilia. Lakini alikuwa amekulia katika miiko ile, na mama yake alikulia humo. Aliwaza kwamba akikataa atawaponza wanawe wengine wote. Basi alichukua yai moja, akalishika chini ya bawa mpaka kwenye kichuguu ili lisipate baridi njiani, akaliweka. Asubuhi alipokwenda kutazama, halikuwapo.

Alirudi akauvusha mrehani kijito, akautupa bila kugeuka nyuma. Moto wake ulikuwa umezimika, basi akachukua kigae akaenda kuomba mwingine.

Kwa Bi Nungunungu moto ulikuwa umelala. Kwa Kongoni moto ulikuwa umelala. Alipofika kwa Pimbi, Pimbi mwenyewe alitoka nje, akamtazama, macho yakamjaa machozi. Akasema na kwake umelala pia. Kanga akarudi mikono mitupu.

Lakini alipokaribia nyumbani aliona kitu juu ya jiwe lililo kati ya nyumba yake na ya Pimbi. Ni kigae, na ndani yake makaa mekundu.

Akamwita Pimbi. Akamwambia, "Shoga, umesahau moto wako hapa."

"Ah, mimi nami," Pimbi akasema kutoka kwake, bila kutoka nje. "Kusahau kumenizidi siku hizi. Basi uache hapohapo. Nikikumbuka nitaufuata."

Hakuukumbuka. Na kesho yake akasahau tena, mahali palepale. Keshokutwa akasahau makaa, na juu ya jani akasahau na ugali wa mtama. Miiko ilikataza kumpa Kanga moto. Hakuna mwiko uliokataza kusahau.

Kanga akayawekea mayai yaliyobaki kigae, akaimba:

*Laleni na joto, wanangu, laleni na joto.*
*Mama hayuko mbali, mama hahami.*

Alipanda mmea wa pili. Safari hii alichagua mshubiri, maana mshubiri ni mgumu. Mnaujua wenyewe. Ukiung'oa ukautupa juani, utaukuta siku nyingi baadaye bado una maji ndani. Kanga alisema moyoni, huu hautanitupa.

Nguchiro akapita. Akamimina. Akapita tena, akamimina. Kanga akasema ahsante fundi.

Mshubiri ukalainika chini, ukawa kama tunda bovu. Kisha ukalala ubavu, ukafa.

Sasa kijiji kiliogopa kweli. Ikiwa hata mshubiri umekufa, waliulizana, nuksi ya nyumba ile ina ukubwa gani? Wazazi waliwavuta watoto wao walipopita hapo. Bi Nungunungu alipita akikaza mwendo, na alipofika mbele ya mlango wa Kanga, muhogo mkubwa wa kuchoma ukachomoka kwenye miiba ya mgongo wake ukaanguka chini. Kanga akamwita kumwambia. Bi Nungunungu hakugeuka. Alisema kwa ukali kwamba yeye hawezi kusimama mbele ya mlango wenye nuksi kwa ajili ya muhogo mmoja, na kwamba miiba yake haishiki vitu vizuri siku hizi, na kama mtu ataula shauri yake. Akaenda zake. Muhogo ulikuwa umemenywa tayari.

Nguchiro akaja. Akamwambia Kanga kwamba yai moja halikutosha. Ardhi inataka mengine mawili.

Kanga alikuwa juu ya kiota. Alisema, "Sitoi."

Nguchiro akamuuliza kama anajua anachokisema.

"Najua. La kwanza nilitoa, na mmea umekufa tena. Mara hii sitoi."

"Basi usije ukalia, mama. Mmea wa tatu ukikauka utahama, na kiota hakibebeki. Mayai yatabaki hapa. Nitayazika mimi, nikusaidie."

Alisema hivyo, akajilamba midomo. Kanga aliona. Hakujua bado maana yake, lakini aliona.

Asubuhi Kanga alibeba mshubiri na chungu chake akavuka kijito. Akautupa. Akageuka kurudi nyumbani. Akatembea kidogo, kisha akasimama.

Alikuwa anawaza juu ya mshubiri. Jua haliuui. Ukame hauuui. Mbuzi hawautaki. Ni nini kimeuua ndani ya siku chache, mlangoni pake, kwenye kivuli, ukiwa na maji ya kutosha? Kama ni nuksi, je, nuksi inaingiaje kwenye mizizi?

Akageuka nyuma. Hakuna aliyewahi kugeuka nyuma pale, na Kanga alingoja kidogo kuona kama atadondoka afe. Hakudondoka. Akarudi kwenye chungu kilichopasuka, akafanya kile ambacho kila kanga anajua kukifanya tangu siku anayotoka kwenye yai. Akachakura.

Udongo wa juu ulikuwa umeshika ukoko mweupe. Wa chini ulikuwa na utelezi. Akadonoa punje moja. Ulimi ukamwasha.

Ilikuwa magadi.

Magadi, wanangu, ni ile chumvi nyeupe inayotoka kwenye mbuga, ambayo watu hutia kwenye mboga ngumu ili ziive upesi. Kidogo tu kwenye chungu kinatosha. Ukiimimina nyingi kwenye mizizi, hakuna mmea utakaosimama. Na mwaka ule mbuga ya magadi ilikuwa chini ya maji tangu masika. Hakuna aliyekuwa na magadi nyumbani isipokuwa mtu aliyekusanya mapema akaficha.

Kanga alikimbia mpaka kwenye jiwe la Pimbi. Akamweleza yote, na Pimbi akasahau kujificha, akatoka nje kabisa kumsikiliza.

Pimbi aliamini. Lakini alimwuliza mwenzake ataanzia wapi kuwaambia watu. Amegeuka nyuma. Amechakura udongo wa mmea uliokufa. Watasema magadi ni adhabu ya kuvunja mwiko. Na kile chungu kiko ng'ambo, hakuna atakayevuka kwenda kukionja.

"Basi watakionja hapa," Kanga alisema. "Mmea wa tatu utafia mlangoni kwangu, na hautavuka kijito kabla hawajaonja."

"Na wakikataa kuonja?"

"Pimbi, mimi nina mayai ndani. Siwezi kufikiri habari ya kukataa."

Pimbi alikuwa na kivumbasi mlangoni kwake, kilichostawi kuliko mimea yote ya kijiji, kikinukia mpaka njiani. Siku ile alikata tawi lake, akalisahau juu ya jiwe.

Kanga akalichukua. Akalivunja katikati. Akatia kipande kimoja kwenye chungu cha mlangoni na kipande kingine kwenye chungu kidogo cha ndani, nyuma ya kiota, mahali ambapo hakuna anayepaona. Udongo wa vyungu vyote ulitoka shimo moja. Maji yalitoka kijito kimoja.

Vipande vyote viwili vilishika. Vikatoa majani madogo.

Nguchiro akapita asubuhi. Akamimina kwenye chungu cha mlangoni, kutoka kibuyu cha kushoto. Kanga akasema ahsante fundi, kwa sauti ileile.

Kila siku alipokwenda kijitoni aliacha kigae cha Pimbi kando ya kiota, akaimba:

*Laleni na joto, wanangu, laleni na joto.*
*Mama hayuko mbali, mama hahami.*

Na kila siku kivumbasi cha mlangoni kikazidi kunyauka, na cha ndani kikazidi kufunguka, mpaka Kanga alipolala alilala ndani ya harufu yake, na mbu hawakumsumbua.

Siku kivumbasi cha mlangoni kilipokauka kabisa, Nguchiro alizunguka kijiji kizima akiita baraza. Kanga alitumiwa ujumbe aende kwenye uwanja wa mjumbe. Akajibu kwamba hatoki, maana mayai yako karibu kuanguliwa. Wanaomtaka waje.

Ndipo walipokuja wale niliowataja mwanzo.

Kongoni alisimama mbele. Kongoni hakuwa mbaya. Alikuwa mtu wa kufuata mambo alivyoyakuta, na uso wake mrefu ulikuwa umezidi kurefuka siku ile kwa huzuni. Alimwuliza Nguchiro ameona nini.

Nguchiro akauinamia mmea, akaunusa, akajifanya kuhuzunika. Alisema mrehani ulikauka, mshubiri ukakauka, na sasa kivumbasi kimekauka. Nyumba hii ihame kabla jua halijafika kichwani. Mayai yabaki, yeye atayazika.

Kongoni alimgeukia Kanga. Akamwuliza kama ana neno.

"Ninalo, mzee," Kanga alisema. "La kwanza, mimi sihami. La pili, namwomba Bi Nungunungu aingie ndani, atazame nyuma ya kiota, na alete nje atakachokikuta."

Watu wakatazamana. Bi Nungunungu akasema kwa nini yeye. Kanga akamjibu kwamba ni kwa sababu kijiji chote kinajua yeye hawezi kumsitiri mtu.

Watu walicheka kidogo. Bi Nungunungu alijaribu kukasirika, lakini akaona ni sifa. Akaingia, miiba yake ikikwaruza mlango pande zote. Akakaa ndani kidogo. Akatoka, na mikononi ana chungu, na kwenye chungu kivumbasi kibichi, kimejaa, majani yanaanguka pembeni. Harufu ikaenda mpaka kwa watoto wa Pimbi waliokaa nyuma kabisa.

Nguchiro akawa wa kwanza kusema. Akasema mwaona wenyewe, amevunja mwiko, amekaa na mmea mahali pasipo pake.

"Ndiyo, nimeuvunja," Kanga akasema. "Basi huu ndio ungetangulia kufa."

Bi Nungunungu akakiweka chungu chini, kando ya kile cha mlangoni.

Kanga akaendelea. Alisema vipande hivi viwili ni vya tawi moja, Pimbi analijua. Vimekaa nyumba moja, kwa mama mmoja, na udongo mmoja. Kama nuksi iko kwake, kwa nini imeua kimoja na kukiacha kingine, tena kile kilichokuwa karibu na mayai? Tofauti ilikuwa moja tu. Kile cha ndani kilikunywa maji ya kijito. Cha mlangoni kilikunywa maji ya kijito na maji ya Nguchiro.

Akamwomba Kongoni anuse udongo wa chungu cha mlangoni.

Kongoni alisitasita. Kuonja udongo wa mmea uliokufa hakuwezi, alisema, lakini kunusa si kuonja. Akainama. Akanusa. Masikio yake yakasimama.

Mnajua jinsi kongoni anavyopenda chumvi ya ardhi. Na mbuga ilikuwa imefunikwa na maji tangu masika, na Kongoni hakuwa ameilamba miezi mingi. Ulimi ulitoka wenyewe. Akalamba kidogo. Akafumba macho. Akalamba tena. Akakishika chungu kwa kwato zake zote mbili, akaingiza uso wote.

Wakasubiri. Kikao chote kikamsikiliza mjumbe anavyolamba.

Mwishowe Pimbi akasema taratibu, "Mzee mjumbe, tuachie kidogo. Ni ushahidi huo."

Kongoni akainua kichwa, pua imejaa udongo. Akajikohoza, akaikusanya heshima yake.

"Magadi," akasema. "Magadi matupu."

Minong'ono ikaenda huku na huku. Kongoni akainyamazisha. Akauliza ni nani kati yao amewahi kugusa chungu cha mlangoni kwa Kanga. Akamwuliza Bi Nungunungu, akaapa hajawahi. Akamwuliza mumewe, hajawahi. Akamwuliza Pimbi, hajawahi. Kwa nini waguse? Mwiko wa kutogusa mmea wa mwenzako waliushika wote, wakubwa kwa wadogo. Ni mtu mmoja tu ambaye mwiko ule haukumhusu.

Wote wakamtazama Nguchiro.

Nguchiro akasema wanamwonea. Akafungua kibuyu cha kulia, akakinywa mbele yao, akakipindua waone ni maji.

"Cha kushoto," Kanga akasema.

Nguchiro hakukifungua. Kongoni akakichukua mwenyewe kiunoni mwake, akang'oa kizibo. Safari hii hakuhitaji hata kuinama. Unga mweupe ulikuwa umeganda mdomoni mwa kibuyu.

Kisha Bi Nungunungu akasema jambo, na alilisema kwa sauti ndogo ambayo hawakuwahi kuisikia kutoka kwake. Alisema siku ile Kanga alipopeleka yai kwenye kichuguu, yeye alipita nyuma ya nyumba ya Nguchiro akaona maganda ya yai. Alijiambia kwamba pengine ndivyo ardhi inavyopokea vitu. Hakuuliza. Akamtazama Kanga.

Kanga alikwenda akamshika mkono, mahali pasipo na miiba.

Nguchiro alivushwa kijito siku ileile. Kongoni alisema Nguchiro ndiye aliyeitaka sana sheria ya kuhama, basi aitumie. Nguchiro akaenda porini akajichimbia kwenye vichuguu, na hata leo huko ndiko anakoishi, na bado anawinda mayai.

Jioni hiyo watu walikuja kwa Kanga mmoja mmoja na makaa. Alikuja Kongoni, alikuja mume wa Nungunungu, walikuja hata wale ambao hawakusema kitu barazani. Makaa yakawa mengi mno, mpaka Kanga akaomba wamtolee mengine nje, mayai yasije yakaiva. Pimbi alikuja mwisho. Alipiga hodi, akaingia na kigae mkononi, akamwekea kando ya kiota.

"Leo sijasahau," akasema. "Leo nimekuletea."

Kanga aliinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu yai lile, alilia mbele ya mtu.

Je, waliacha kupanda mimea milangoni? Hawakuacha. Jani bichi mlangoni linapendeza, na kivumbasi kinafukuza mbu. Lakini kijijini mle ilianza desturi nyingine. Mmea wa mtu ukinyauka, jirani hapiti akikaza mwendo. Anapiga hodi. Anauliza, mwenzangu, una nini, mbona mmea haujanyweshwa, kuna mgonjwa? Na mara nyingi alimkuta mgonjwa, au mfiwa, au mama aliyechoka tu, na akaingia akamsaidia kuteka maji.

Ndugu zangu mnaonisikiliza, na nyinyi watoto ambao hamjalala, hadithi hii inatufundisha hivi. Bahati ya nyumba haikai kwenye chungu cha mlangoni. Jani likikauka, limekauka kwa sababu, na sababu hutafutwa. Asiyetaka utafute sababu, mwangalie vizuri ana nini mkononi. Na jirani yako akipatwa, usimtafutie kosa lake. Mpelekee moto. Ukishindwa kumpelekea, basi usahau kwenye jiwe.

Hadithi yangu naiweka chini hapa. Aliyeipenda aibebe aende nayo kwake, asiyeipenda aiache, mwingine atapita aiokote.

Juma lililofuata Kanga aliangua vifaranga wake, na wote walitembea siku hiyohiyo.